Mashine Iliyosema Maji Yangu ni Barafu

Masasi, Jumamosi, baada ya alasiri

Zaituni mwanangu,

Umekwenda Lupaso kuwaaga shangazi zako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana shangazi zako hawaagi mtu mikono mitupu, wanamfungia mizigo. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, gari liko mbele yangu, limeoshwa. Tangu asubuhi nimeliwasha mara tatu bila safari yoyote, kuangalia tu kama ile taa ya njano inazimika. Inazimika. Nazima injini, naingia ndani, natoka tena. Kumbe uzee ndio huanza hivi.

Sitakuandikia habari za kupika, wala wageni, wala kufunga mlango. Hayo umeyasikia tangu ulipoota meno, na wiki hii umeyasikia tena kwa kila jirani aliyepita. Bibi shamba wa serikali hafundishwi na mama yake kukata kitunguu. Nataka kukuandikia habari za kifurushi utakachokikuta kwenye droo ya dashibodi, kimefungwa kwa kipande cha khanga yangu kuukuu. Ni ile mashine ya kusomea hitilafu za gari, na barua hii nitaiviringisha humo humo. Nakujua. Taa ikiwaka utafungua droo, na barua utaisoma. Taa isipowaka hutaigusa, na hapo pia nitakuwa nimepata ninachokitaka.

Kesho utaupanda ule mlima wa Newala peke yako kwenda kuanza kazi, gari likiwa lako. Mara moja niliupanda na wewe, gari likiwa bovu, nikakaribia kukupoteza. Wewe umeamini miaka yote hii kwamba kosa lilikuwa la gari. Lilikuwa langu, na sijawahi kukwambia. Leo nakwambia.

Nianze na Fundi Salumu. Unamfahamu tangu hujaanza shule, Baba Hadija, Mmakonde wa juu aliyeteremka Masasi na sanduku moja la spana akafungua gereji nyuma ya soko. Bibi yake ndiye aliyemwosha bibi yangu alipofariki, kwa hiyo mimi na yeye ni watani wa kurithi. Ninyi vijana mnadhani utani ni mzaha wa kuchekesha watu harusini. Utani ni ruhusa. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kukamata kuku wako akakushukuru kwa kumfugia, na huna pa kushtaki. Siku ukifiwa, huyo huyo ndiye anayeshika jembe.

Kila nilipofika gereji tulianza hivi. Mimi nasimama mlangoni, nauliza, "Mwizi yupo?" Yeye yuko chini ya gari la mtu, miguu tu nje, anajibu, "Ndiyo kwanza anaingia, nnasikia sauti yake." Nitamwita mla panya. Naye atawakumbusha waliopo kwamba kitoweo hicho nimekila kwake mara mbili, na mara ya pili niliomba niongezewe mchuzi. Ni kweli, niliomba. Ulikuwa mchuzi mzuri.

Gari hili unajua nilivyolipata. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mtu akaruhusiwa kuuza na kununua, na baba yako akaenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani akapata mke. Nikabaki na wewe na meza ya mafuta ya taa. Nikapanda polepole, sabuni, sukari, halafu salfa, ule unga wa njano wanaoupulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri. Mpaka nikaweza kununua pikapu iliyotumika Japani. Watu wakasema mengi juu ya mwanamke na pikapu yake, na mengine yalikuwa kweli.

Magari tuliyoyazoea hapa, fundi aliweka sikio kwenye injini akajua. Hili lilikuja na kompyuta ndani yake, na kompyuta ina taa moja ndogo ya njano yenye picha ya injini. Ikiwaka, ujue kuna jambo. Jambo gani, haisemi. Inalia tu kama mtoto mchanga, nawe ndiye wa kutafuta kama ni njaa au ni tumbo.

Msimu ule wa kupuliza salfa ikawaka. Fundi Salumu akapima kwa mita yake, akasema ni sensa ya joto la maji, kile kidude kinachoiambia kompyuta kama injini imepata moto au bado. Akaweka mpya. Taa ikazima wiki moja, ikarudi. Akaweka nyingine mpya, ikarudi tena. Siku hiyo ya pili aliinama chini ya boneti, akanusa, akasema, "Ntani, gari lako linakula salfa kuliko nkorosho. Mwaka huu litatoa mabibo." Gereji nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Yashike maneno hayo.

Nikaanza kuwaza. Unajua ninavyokuwa nikianza kuwaza. Nikasema sensa gani hizi zinazokufa kila wiki, au sensa ni ile ile ya zamani, inapakwa mafuta na kurudishwa, na mpya zinakwenda kwenye gari la mtu mwingine? Ndipo nikaamua kuwa na mashine yangu mwenyewe, ili fundi asinidanganye.

Ya kwanza niliinunua hapa hapa sokoni, kwa kijana aliyekuwa akiuza saa na redio. Ilikuwa rahisi kuliko zote, na hilo ndilo swali pekee nililomuuliza. Nikaichomeka kwenye lile tundu la chini ya usukani, meno kumi na sita yakaingia sawasawa, nikafurahi. Kioo kikawaka, kikafikiri, kikaniandikia kwamba hakuna mawasiliano. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikairudisha. Hakuna mawasiliano. Nikaipeleka kwenye gari la jirani, ikaongea naye vizuri kama shemeji yake. Kumbe magari yana lugha zake, na mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, tundu linafanana na la wengine lakini lugha ni nyingine. Tundu kuingia si kusikilizana. Mimi niliyeolewa na baba yako nilipaswa kulijua hilo mapema.

Ile mashine ndiyo ile inayozuia mlango wa stoo usijifunge. Sasa umeijua kazi yake ya asili.

Ya pili nilikwenda nayo kwa akili kidogo. Niliendesha gari hadi Mtwara, nikaliegesha mbele ya duka la vipuri, nikamwambia mwenye duka sinunui mpaka mashine izungumze na gari langu. Akasema mama, hizi zote zinafanana. Nikamwambia basi toka nje na inayofanana kuliko zote. Alitoka nazo nne. Mbili zilikuwa bubu. Ya tatu ilisoma namba ya hitilafu na kuifuta, basi, haijui kingine. Ya nne ilikuwa na kioo kidogo kisicho na rangi, haipendezi hata kidogo, lakini ilionyesha namba, na ilionyesha pia mambo yanavyokwenda wakati ule ule injini inanguruma, joto la maji linapanda, mizunguko inashuka. Haikuwa ghali kwa namna ya kunitisha. Kulikuwa na ya tano kabatini, ya rangi, yenye mkoba wake. Akaniambia hiyo ni ya mafundi wakubwa, gari moja halihitaji. Namshukuru kwa ukweli huo, maana mkoba nilikuwa nimeshaupenda.

Ukija kununua yako, maana pikapu hii haitaishi milele, fanya hivyo hivyo. Nenda na gari, lizungumze kwanza, ndipo utoe pochi. Ile inayojua kufuta taa peke yake usiichukue hata wakikupa bure. Nimeona watu wanafuta taa kila asubuhi wanapanda milima, na ningeweza kukuonyesha makaburi ya injini zao. Chukua inayokuonyesha joto likitembea, hata kama ina sura mbaya. Na kabla ya kufuta chochote, iandike namba kwenye karatasi.

Sasa nafika kwenye aibu yangu.

Nilirudi kutoka Mtwara na mashine kwenye pochi kama mtu aliyebeba hukumu. Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri matokeo, nikakuchukua twende gereji. Nadhani nilitaka shahidi. Nikachomeka mashine mbele ya mafundi wote na wateja wawili. Ikaandika namba. Nikaangalia kwenye kitabu chake, sensa ya joto la maji. Sensa ile ile iliyobadilishwa mara mbili.

Nikasema, "Mashine imesema. Salumu, wewe ni mwizi."

Akacheka, akafuta mikono kwa tambara. "Na bibi yako naye alikuwa mwizi, ntani. Tuendelee."

Nikasema, "Sitanii."

Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi. Nilikuona ukiinamisha uso. Fundi Salumu akauliza polepole, "Mama Zaituni, huo si utani?"

"Si utani."

Hakubisha. Hilo ndilo lililonimaliza baadaye, kwamba hakubisha. Angebisha tungegombana, na ugomvi una mwisho. Mtani ukimtukana kwa kweli umemnyang'anya jibu, kwa sababu majibu yake yote ni ya utani. Alizikusanya spana zake moja moja, akamwita fundi mwenzake, akamwambia, "Nhudumie huyu mama." Akaondoka kwenda msikitini kabla ya adhana.

Tangu siku ile akaanza kuniheshimu. Tukikutana sokoni, "Habari za asubuhi, mama." Nikipita gereji, anatoka chini ya gari, anasimama, "Karibu, mama." Hakuna mwizi, hakuna panya. Mgeni angeona mtu mwenye adabu. Mimi kila nilipoitwa mama na yule mtu nilihisi nimefungiwa mlango, na mwenye mlango anatabasamu.

Lakini nilikuwa bado najiona nina haki. Mashine imesema. Yule fundi mwenzake akaweka sensa ya tatu, na nilimsimamia nikiiona ikitoka kwenye boksi lake. Taa ikazima. Baada ya siku sita tukapakia salfa, mimi na wewe, kwenda Newala.

Hapa unapakumbuka. Gari lilianza kukohoa kabla hatujafika kwenye kona kubwa ya mlima, moshi mweusi nyuma, na taa ya njano ikawaka kama imetumwa. Likazima katikati ya mpando. Injini ikizima breki ya mguu inakuwa ngumu kama jiwe, na breki ya mkono ilikuwa ya kubembeleza. Tukaanza kurudi nyuma. Nilikuwa nakanyaga kwa miguu miwili. Wewe ulikwisharuka. Nilikuona kwenye kioo cha pembeni, umechukua lile gogo la kuwekea tairi, umeinama. Gogo likapinduka. Nikakuona unakimbilia jiwe. Kisha sikukuona tena kwenye kioo.

Gari likasimama.

Sikushuka. Zaituni, nakwambia leo, sikuweza kushuka. Niliogopa nitakachokikuta nyuma ya tairi. Sijui nilikaa vile muda gani, mikono kwenye usukani, midomo inasoma kitu ambacho hata sikumbuki ni sura gani. Ndipo nikakusikia unakohoa. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka nyuma, umepigwa na salfa usoni. Ulikohoa na kupiga chafya mara nne, halafu ukasema, "Mama, vuta handibreki vizuri." Sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko chafya zile.

Ukaenda kutafuta watu wa kusukuma. Mimi nikabaki na gari, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaichomeka mashine. Namba ile ile. Safari hii nikabonyeza pale panapoonyesha joto likitembea. Ikaniandikia kwamba maji ya injini yangu yana digrii arobaini chini ya sifuri.

Nikaisoma tena. Chini ya sifuri, mlimani Newala, kiangazi, gari limetoka kupanda mlima na mzigo. Nikashuka, nikagusa redieta, ikaniunguza vidole. Nikacheka peke yangu barabarani. Mashine niliyoiamini kuliko mtu ambaye bibi yake alimwosha bibi yangu inaniambia nimebeba barafu.

Lakini haikuwa inasema uongo, masikini. Ilikuwa inasema ilichoambiwa. Nikaushika waya unaokwenda kwenye sensa, nikautikisa. Nikarudi kwenye kioo: digrii tisini. Nikautikisa tena: barafu. Nikaichomoa soketi ya waya ule. Ndani yake palikuwa na unga wa njano umeshikana, na vijiti vya shaba vimegeuka kijani, vimeliwa. Salfa.

Unajua imeingiaje? Kumbuka asubuhi tulizokuwa tukipeleka mifuko mashambani. Tukifika, umande bado uko kwenye majani, wanaume wanawasha mashine za kupulizia, mashamba yote yanakuwa ukungu wa njano. Na mimi kila mara nafanya nini? Nafungua boneti, injini ipunge upepo. Msimu mzima nimelifungulia gari mdomo katikati ya salfa, nikiwa nimejifunga kitambaa puani mwenyewe. Na Salumu alinusa, akaniambia mbele ya watu linakula salfa kuliko mkorosho. Aliniambia kwa lugha yetu, ile ile tuliyozungumza miaka yote. Nikacheka nikaenda kununua mashine.

Nikazikwangua shaba zile kwa kibanio cha nywele, nikafuta kwa pembe ya khanga, nikarudisha. Gari likawaka mara moja. Uliporudi na vijana watatu ukalikuta linanguruma. Ukauliza limepona vipi, nikakwambia lilikuwa limechoka, limepumzika. Hukuuliza tena, nami nikaona afadhali. Nilikudanganya, mwanangu. Ulikuwa umetoka kuweka mikono yako chini ya tairi kwa ajili ya ujinga wangu, nami sikuwa tayari kukutajia ujinga huo kwa jina lake.

Ulipokwenda chuo ndipo nilipopata ujasiri. Nilikwenda gereji saa nne asubuhi, kwa makusudi, kwa sababu nilimtukana saa nne, mbele ya watu, na msamaha wa kunong'ona nyuma ya nyumba ungekuwa wizi mwingine. Nikasema kwa sauti kwamba sensa za Salumu zilikuwa mpya, kwamba kosa lilikuwa salfa na boneti yangu, na kwamba nilimwita mwizi bila utani naye si mwizi. Fundi Salumu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia, mama. Nashukuru." Akaniwekea soketi mpya kwa adabu kubwa. Nikarudi nyumbani nikiwa na gari zima, na ile "mama, mama" yake bado iko palepale.

Hilo sikulitegemea. Nilidhani ukishasema, kumekwisha. Nilikaa miezi nikiona ubaya, nikisema sasa anataka nini, nipige magoti? Nilichelewa kuelewa kwamba kusema kosa ilikuwa kazi yangu, na kuliacha lipite ilikuwa kazi yake, na kazi ya mtu huisimamii.

Halafu bibi yako akafariki. Wewe ulikuwa kwenye mitihani, ulifika siku ya tatu, hili hukuliona na sina hakika kama kuna aliyekusimulia vizuri. Maiti imeoshwa, imeswaliwa, wanaume wameinua jeneza wanatoka. Fundi Salumu akasimama mlangoni, mikono huku na huku, ameziba.

Akasema, "Halitoki jeneza hapa. Kwanza nijibiwe. Huyu marehemu alizaa mwizi nnoja au wawili? Nnoja nnanjua. Anafungua boneti katikati ya salfa, gari likiumwa anasingizia watu."

Wajomba wakanitazama. Nilikuwa nimekaa chini na wanawake, nimejifunika uso. Nikafunua nikasema, "Mla panya, mpishe mama yangu."

Akasema, "Bila kuku sipishi."

Basi watu wakaangua kicheko mle mle ndani ya msiba. Mjomba akamkamatia kuku wetu mwenyewe, yule mwekundu. Akampokea, akamkabidhi mtoto wa jirani, akapisha. Kisha akaingiza bega chini ya jeneza, na wanasema kutoka pale hadi makaburini wenzake walipokezana, yeye hakukubali kupokewa. Wanawake walinishika, wakaniambia Mama Zaituni jikaze. Walidhani namlilia mama tu. Nilikuwa namlilia mama, na nilikuwa nalia kwa furaha, yote kwa macho yale yale mawili. Huo ndio ukweli, na mama yangu angeuelewa.

Kwa hiyo mashine ninakupa, na ninakupa kwa moyo mweupe. Ni mashine nzuri. Itakuambia mahali pa kuanzia kuangalia, na hapo kazi yake imekwisha. Ikisema sensa, wewe anza na waya wake, na soketi yake, na ujiulize gari lilikuwa wapi juzi. Utakuwa unabeba salfa huko kituoni kwako Chilangala, hilo sina haja ya kuuliza, bibi shamba asiyebeba salfa nani atamsikiliza. Chukua maji ya redieta kutoka hapa nyumbani, usiwaombe watu wa juu, wanayatafuta kwa shida. Nikasema sitakupa maagizo. Hayo ni mawili tu, nisamehe.

Na ukifika, tafuta fundi wako mapema, kabla gari halijaugua. Salumu anasema ana mpwa wake mwenye gereji Newala mjini. Mwendee, mtaniane. Mwache akuite atakavyo, na wewe mwite utakavyo. Akikutania jambo juu ya gari, cheka, halafu nenda kaliangalie. Ukiona siku moja ameanza kukuheshimu ghafla, usiende kununua mashine nyingine. Rudi nyuma uliangalie neno lako la mwisho.

Nina furaha, Zaituni. Niliogopa kesho hii kwa muda mrefu, na imekaribia, na najikuta nimepumua. Gari zima, taa imezimika, una kazi, na vidole vyako kumi nimevihesabu leo ulipokuwa unakunywa chai, hukujua kwa nini nakutazama mikono.

Nakusikia mbele, unawashukuru waliokuleta, na mizigo inashushwa, kama nilivyosema. Namalizia. Fundi Salumu alikuwa hapa mchana, amekaza breki ya mkono hadi inauma. Nilimwambia nitakuandikia barua, nikamuuliza kama ana neno la kukuaga. Alikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Akasema lipo, ila niliandike kama lilivyo, nisilipambe:

"Ntoto wa mwizi, funga boneti."

Mama yako